Kumsaidia Mwanafunzi Aliyeacha Ulevi: Hii Nayo Ni Kazi

Kijana akitoka matibabuni na kurudi chuoni, huwakuta marafiki wale wale na pombe ile ile. Ndiyo maana wengi huanguka tena. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Rutgers kilifungua mwaka 1988 bweni la wanafunzi walioacha ulevi na dawa za kulevya, na washauri wa kuwaangalia. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 yataka mshauri awe amesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Aliyewahi kunaswa akaacha, kisha akasoma, kijana humwamini upesi. Je, kwenu yuko mtu kama huyo? Msimcheke, mchangieni karo. Na mwenye shida leo apige 1192, simu ya NACADA. Ni bure.