Manowari za Rekodi na Mizinga Miwili ya Mombasa

Mkazi wa Mowlem, Nairobi, anayetamani kutembea juu ya manowari nzima ya kale itambidi apande ndege. Kongwe kuliko zote zilizobaki kwenye daftari la jeshi ni HMS Victory ya Portsmouth, Uingereza, iliyoshushwa majini 1765. Hiyo imewekwa nchi kavu. Kongwe inayoelea bado ni USS Constitution ya Boston, ya 1797. Kwa maajabu, naipa nafasi ya kwanza Vasa ya Stockholm: ilizama 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaibuliwa 1961 karibu nzima.

Kwetu Afrika Mashariki pia zipo rekodi, tena zinatuhusu zaidi. Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, havikumaliza hata saa moja. Glasgow, meli ya Sultani yenye mizinga, ilizamishwa na Waingereza mbele ya kasri.

Meli iliyodumu miaka mingi ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiunda Papenburg 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Ikaingia vitani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wenyewe waliizamisha 1916 isitekwe. Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria, mizigo, hata wakimbizi, kwa miongo mingi. Meli yenye historia hii haistahili kuachwa ioze.

Götzen iliwahi kufungwa mzinga wa manowari nyingine ya Wajerumani, Königsberg, na hapo ndipo safari ya mtu wa Mowlem inapokuwa rahisi. Alfajiri ya 20 Septemba 1914, Königsberg iliivamia HMS Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikaishia humo Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake yote kumi, wakaikokota kwenda kupigana nayo bara. Waingereza nao waliopoa ya Pegasus.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus, mahasimu wa asubuhi ile, iko pamoja katika ngome ya makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Ndani ya makumbusho hayo hayo kuna vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka Santo António de Tanna, manowari ya Wareno iliyozama chini ya ngome hiyo 1697, wakati Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira.

Walimu wa Mowlem, Umoja na Dandora, mnapopanga ziara ya wanafunzi, wapelekeni huko. Treni ya asubuhi kutoka Syokimau inawafikisha Mombasa mchana. Waacheni watoto waiguse ile mizinga, na muwaeleze ilikotoka.