Msitu ni wa nani?

Msomaji wa Gehandu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa haki katika usimamizi wa misitu. Jirani tu, wilayani Babati, upo msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa takriban hekta 9,000 na uliozungukwa na vijiji vinane, miongoni mwavyo Duru, Riroda na Ayasanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilidhamiria kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wanakijiji waliposikia kwamba malisho, kuni na mizinga vitapita mikononi mwa wengine, wako walioona heri wakate mapema kuliko kungoja kunyang'anywa. Msitu ukazidi kuangamia kwa sababu ya mpango ule ule uliokusudiwa kuuokoa. Tusiwalaumu haraka, ni nani alindaye mali anayoambiwa si yake tena?

Mwaka 1994 uamuzi ukageuzwa. Kila kijiji kikaachiwa sehemu yake, kikaunda kamati, kikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi miongoni mwa vijana wake. Uchomaji mkaa ukakatazwa. Kuokota kuni kavu kukaruhusiwa. Miti ikaanza kurudi, na uzoefu huo ukachangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiwezesha kijiji kuwa na hifadhi katika ardhi yake.

Hata hivyo, si misitu yote iliyo hivyo. Nou na Mlima Hanang ni hifadhi za Serikali. Humo mwanakijiji ni mshirika kwa makubaliano, na anaweza kushika doria miaka mingi bila kuwa na neno la mwisho.

Na hata pale kijiji kinapomiliki, kamati nayo ni mamlaka. Msitu ukifungwa, mama asiye na nishati nyingine ila kuni ndiye anayeumia kwanza. Faini ile ile ambayo mwenye ng'ombe wengi huilipa akiwa amesimama, kwa mjane ni chakula cha watoto cha wiki nzima.

Mkutano mkuu wa kijiji upo, na kila mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Huko ndiko kwa kuuliza: faini za mwaka jana zilikuwa shilingi ngapi, ziliandikiwa stakabadhi, zimetumika wapi, na katika kamati hiyo wamo wanawake wangapi?