Kwa nini mahandaki ya 1914-1918 yangali yanawavuta watazamaji

ZAIDI ya karne moja tangu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kumalizika mnamo 1918, filamu za historia kuhusu mahandaki ya vita hivyo zingali zinatazamwa sana katika intaneti. Je, huvutia kwa nini?

Kwanza ni mahandaki yenyewe. Kufikia mwisho wa 1914, majeshi ya Ujerumani na ya wapinzani wake yalikuwa yamejichimbia ardhini kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, umbali wa kilomita 700 hivi. Bunduki za rashasha na seng’enge zilimkinga aliyejificha na kumwangamiza aliyesonga mbele. Mnamo Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa, zaidi ya wanajeshi 19,000 wa Uingereza walifariki.

Pili, picha zipo. Mwaka uo huo Waingereza walifurika sinemani kutazama filamu ya The Battle of the Somme. Hata hivyo, wanahistoria wanaamini kuwa onyesho lake mashuhuri, la askari wakipanda kutoka handakini, liliigizwa nyuma ya uwanja wa vita. Kamera zilikuwa nzito, na aliyeinua kichwa alikuwa shabaha rahisi.

Onyesho hilo limerudiwa katika filamu nyingi bila maelezo. Ilhali siku nyingi za askari zilipita wakikarabati kuta, wakiondoa maji na kuwinda chawa. Filamu njema humwambia mtazamaji kilichonaswa vitani na kilichoigizwa. Waliokufa wanastahili ukweli huo.