Hesabu za kifafa: Kwa nini mtu huanguka ghafla, na kwa nini hutulia mwenyewe

Kijana akianguka kifafa stendi ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na barabara kuu ya Mbeya, dakika ya kwanza hujaa amri. Mmoja anataka kijiko kitiwe mdomoni. Mwingine anawasha kiberiti ili mgonjwa anuse moshi. Wa tatu anafukuza watoto wasikanyage povu, kwa imani kwamba linaambukiza. Kisha mitikisiko inapungua na kukoma, na mwenye kiberiti anaondoka akiamini ndiye aliyemponya.

Sayansi inasema vinginevyo. Povu ni mate tu, haliambukizi chochote. Na kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa hisabati wamekuwa wakiuandikia ubongo milinganyo, wakagundua kwamba shambulio la kifafa lina saa yake lenyewe: mwisho wake huandaliwa ndani kwa ndani tangu linapoanza.

Seli za neva hupashana habari kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1952, Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha milinganyo inayoeleza umeme huo unavyozaliwa: sodiamu inaingia ndani ya seli, potasiamu inatoka. Waliupima kwenye neva ya ngisi, ambayo ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho, na mwaka 1963 kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel.

Lakini seli moja haimwangushi mtu. Mwaka 1972, Hugh Wilson na Jack Cowan waliacha kufuatilia seli mojamoja, wakazigawa katika makundi mawili: zinazochochea nyingine na zinazozituliza. Makundi hayo yakishikana sawa, mtu anapika, anaongea, anahesabu chenji. Wachochezi wakizidi, maelfu kwa maelfu ya seli hufyatuka kwa pamoja. Kwenye kipimo cha EEG, ambacho husoma umeme wa ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani bila sindano wala maumivu, vijistari vidogo visivyo na mpangilio hugeuka kuwa miiba mirefu inayofuatana.

Linaloshangaza watu ni ughafla. Maziwa yakiwa jikoni, joto hupanda kidogo kidogo huku juu kumetulia. Likiongezeka tena kidogo tu, yanafurika. Ubongo nao una kizingiti cha namna hiyo. Kabla ya kukifikia, mtu anaweza kukosa usingizi au kupata homa na asipatwe na lolote. Akiwa ameshakikaribia, usiku mmoja wa kukesha safarini unatosha kumvusha.

Na kutulia je? Mwaka 2014, Viktor Jirsa wa Chuo Kikuu cha Aix-Marseille, Ufaransa, na wenzake walichapisha modeli waliyoiita Epileptor. Ina namba tano tu zinazobadilika kadiri muda unavyokwenda. Nne zinakwenda mbio na kuchora mawimbi na miiba ya EEG. Ya tano inajikokota. Inawakilisha mabadiliko ya taratibu ubongoni, kama vile matumizi ya oksijeni na nishati. Shambulio likiendelea, namba hiyo nayo husogea, hadi inafika mahali ambapo mtikisiko hauwezi tena kuendelea. Modeli inatabiri kuwa karibu na mwisho miiba huachana zaidi na zaidi kabla ya kukatika. Aliyewahi kumuuguza mwenye kifafa amekwisha kuliona hilo kwa macho: mikono inatikisika upesi, halafu kwa vituo, halafu basi.

Ndiyo maana mashambulio mengi ya mtikisiko huisha yenyewe ndani ya dakika tatu hivi, kijiko kiwepo kisiwepo. Kijiko huvunja meno, na kumkandamiza mgonjwa humuumiza. Mwondolee vitu vya hatari, mtilie nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mtikisiko ukipungua, na utazame saa. Zikipita dakika tano bila kukoma, ubongo umeshindwa kujituliza. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Swali la pili ni nani anayeishi karibu na kizingiti, na kwa nini. Utafiti wa vituo vitano vya Afrika uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Neurology ulikuta kifafa cha mtikisiko kwa watu wapatao 15 katika kila 1,000 huko Ifakara, kiwango cha juu kuliko vituo vyote. Kilifi walikuwa karibu 8. Matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea vilikuwa miongoni mwa yaliyohusishwa nacho.

Nyanda za Juu Kusini, ambako kaya nyingi hufuga nguruwe, kimelea cha kuangaliwa ni tegu. Anayekula kitimoto chenye vivimbe kisichoiva hupata tegu tumboni. Kinachozaa vivimbe ubongoni ni mayai: hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kinywani mwa mwingine kwa mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata Mwislamu au Msabato asiyegusa nguruwe hayuko salama ikiwa jirani hana choo. Kivimbe kikishakaa ubongoni, seli zilizokizunguka huchokozeka kirahisi.

Dawa zinafanya kazi pale pale panapozungumzwa na milinganyo. Fenobabitoni huzipa nguvu seli zinazotuliza. Kabamazepini na fenitoini hubana njia za sodiamu, zile za Hodgkin na Huxley. Zote hukiinua kizingiti, na anayeacha vidonge ghafla kwa kuwa ameona nafuu hukishusha kwa mkono wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mashambulio wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Ufaransa wamesonga mbele: mgonjwa anayesubiri upasuaji huundiwa ubongo wa kompyuta kutokana na picha zake za MRI, ili madaktari wakisie shambulio linaanzia wapi. Majaribio hospitalini yalianza mwaka 2019. Modeli hizo hulishwa rekodi za kila shambulio: lilianzaje, lilienea wapi, lilidumu muda gani. Daktari wa Njombe naye anazihitaji taarifa hizo hizo, kwa sababu EEG inaweza kuonekana ya kawaida kabisa mgonjwa akiwa mzima. Mmoja akimhudumia aliyeanguka, mwingine wa nyumbani arekodi kwa simu na kuandika saa. Video hiyo ikifika kliniki, mara nyingi itamweleza daktari mengi kuliko mgonjwa mwenyewe, ambaye hakumbuki kitu.