Muhogo Wenye Virusi Hauponi kwa Dawa

Ukisoma kilimo, likizo unageuzwa daktari. Hujapumzika vizuri unapelekwa shambani: "Haya mwanachuo, huu muhogo tuupulizie dawa gani?" Kwa batobato na michirizi kahawia, jibu ni hakuna. Yote mawili huletwa na virusi, na kirusi kikishaingia ndani ya mmea, hakuna dawa ya dukani ya kukitoa.

Batobato angalau haijifichi. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, mmea unadumaa, kila mtu anaona. Mwenye hila ni michirizi kahawia. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kule Usambara, na hadi leo unatutesa. Shina linaweza kusimama vizuri tu, majani ya chini yana umanjano kando ya vishipa, watu wanasema ni uzee. Siku ya kuchimba ndiyo unakata muhogo na kukuta ndani madoa makavu ya kahawia. Hauuziki, na kula ni kuchagua vipande. Wakati faida kubwa ya muhogo ni kwamba unauacha ardhini mpaka siku ya njaa! Wenye ugonjwa huu, kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuharibika, basi wengi wanavuna mapema, mihogo ikiwa bado midogo.

Nzi weupe husambaza virusi hivi kutoka mmea hadi mmea. Ila kutoka wilaya hadi wilaya, wasafirishaji ni sisi. Mbegu ya muhogo ni pingili, na mara nyingi hainunuliwi: shangazi anakufungia mzigo, unapakia kwenye basi, ugonjwa unafika nao.

Kazi basi iko kwenye mbegu. Kagua mmea ungali na majani, usisubiri yapukutike. Siku ya kuvuna, kata mihogo ya shina lenyewe kabla hujachukua pingili. Ukiona kahawia, achana nalo. Shamba jipya liwe mbali na la zamani lenye ugonjwa, na mche ukionyesha dalili ung'oe mapema. Aina kama Kiroba huvumilia michirizi kahawia, lakini kuvumilia si kukosa kirusi: inaweza kukuzalia vizuri huku inamwambukiza jirani.

Kung'oa ndiko kugumu. Mwambie bibi ang'oe mche ambao bado unampa kisamvu, uone atakavyokutazama. Na aking'oa yeye peke yake, nzi weupe watavuka tu kutoka kwa jirani.