Tuzijue Herufi Nyembamba za Times New Roman



Wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, jarida hili tulilichapa kwanza kwa herufi za Bookman Old Style, likafika kurasa 24. Michango yenu ilitosha kurasa 20 tu. Ilibaki kidogo tuziondoe insha za wanafunzi wadogo. Tukabadilisha herufi, ukubwa ukabaki ule ule wa 12, na insha zote zikaenea. Imewezekanaje?

Herufi tulizozitumia ni Times New Roman. Zilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuzitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Stanley Morison alisimamia kazi hiyo na Victor Lardent akazichora. Mwaka 1992 ziliwekwa katika Windows 3.1, na leo zimezoeleka katika steshenari zetu.

Sifa zake ni hizi:

Kwanza, ni nyembamba, hivyo mstari mmoja hubeba maneno mengi. Kiswahili kina maneno marefu. Neno "tutakapowafundisha" peke yake lina herufi 18.

Pili, matumbo ya a, e na o ni makubwa, na mikia ya g na p ni mifupi. Kwa hiyo mistari hukaribiana bila kugongana.

Tatu, kwenye ncha zake mna vijistari vidogo viitwavyo serifu, mithili ya nyayo zinazoisimamisha herufi juu ya mstari.

Hata hivyo, kila herufi ina mahali pake. Katika hati za Kiarabu, naskh hutumika kuandikia misahafu, na thuluth hupamba kuta na vichwa vya habari. Vivyo hivyo Times New Roman inafaa barua, mitihani na vitabu. Haifai sana kwa tangazo la ukutani, kwani mistari yake myembamba haionekani kwa mbali, na kopi ikififia hukatika. Pia mstari ukienea ukurasa mzima, jicho hupotea njia. Ndiyo maana tumegawa kurasa zetu safu mbili.

Tunakiri kosa letu la mwaka jana. Ili kubana matumizi tulipunguza ukubwa hadi 9. Bibi mmoja hapa Kituntu alilishika jarida, akalisogeza, akalirudisha kwa mjukuu wake amsomee. Ndani yake mlikuwa na shairi la mjukuu huyo huyo, na bibi alitaka alisome mwenyewe. Hapo tulijifunza kuwa wembamba si udogo. Herufi nyembamba huokoa karatasi na msomaji akabaki naye. Herufi ndogo mno huokoa karatasi ikampoteza msomaji.

Basi mtakapokwenda kuchapa, msiulize bei ya kurasa tu. Ulizeni pia nani atazisoma.

Wabillahi tawfiq.