Mtoto anasoma au amekariri? Kadi nne za boksi zitakuambia

Ni jioni, na mtoto wa darasa la kwanza anaitwa sebuleni awasomee wageni. Anafungua kitabu chake cha Kiingereza, anasoma ukurasa mzima bila kukwama, wageni wanapiga makofi. Kisha mjomba mmoja mdadisi anaweka kidole kwenye neno la tatu la mstari wa pili na kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Mtoto anaitazama picha, anamtazama mama yake, kimya.

Hakudanganya. Darasani wako wengi, mwalimu anasoma, wao wanaitikia kwa sauti moja. Baada ya wiki mbili kila mtoto anakuwa na ukurasa wote kichwani kama wimbo. Anaweza kuangalia dirishani na bado akatamka sawasawa.

Wazazi wanaosomesha watoto shule za mchepuo wa Kiingereza hulikuta jambo hili zaidi, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua ba, be, bi, bo, bu na silabi nyingine, atasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona, kama "kibubu". Kazi inayobaki ni kwenye zile ngumu: ng', nyw, mbw.

Kiingereza hakina huruma hiyo. "One" linaanza na herufi o, lakini mdomo unaanza na sauti ya w. "Said", "was", "come" na "the" nayo hayatamkwi kama yalivyoandikwa. Walimu huyaita maneno ya kutambua kwa macho, yaani yale ambayo msomaji anapaswa kuyajua mara anapoyaona, bila kuhangaika na herufi moja moja. Mmarekani Edward Dolch aliyakusanya 220 mwaka 1936, na orodha yake inatumika mpaka leo. Humo hakuna jina la kitu hata kimoja, si paka wala mpira. Ni maneno madogo ya kuunga sentensi, na hayachoreki. Nani ataichora "the"? Hapo ndipo mtoto anayebahatisha kwa kutazama picha hukwama.

Kosa la kawaida ni kumwonyesha mtoto neno zima na kumwambia alikariri umbo lake. Mtafiti Linnea Ehri wa Marekani ameeleza kwa miaka mingi kwamba neno hukaa kichwani pale herufi zake zinapofungamana na sauti zake. Chukua "said". Mwache mtoto aitafute sauti ya s mwanzoni na ya d mwishoni. Zote zipo mahali pake. Kinachosumbua ni zile herufi mbili za katikati tu. Zipigie mstari. Sasa ana kitu kimoja cha kukumbuka badala ya vinne.

Watoto wanne, si arobaini

Kazi hii inataka kikundi kidogo, watoto watatu hadi watano, wawe ndugu au wa jirani. Katika kikundi kidogo hakuna pa kujificha: sauti ya kila mmoja inasikika, na anayechezesha midomo tu anaonekana. Tuisheni ya jioni haisaidii sana kama nayo ni watoto wengi barazani wakiitikia vilevile.

Wapange kwa kiwango, si kwa umri. Shirika la Pratham la India limejijengea jina kwa njia hiyo, na upimaji wa Uwezo uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda ulitumia ngazi rahisi ambazo mzazi anaweza kuziiga: je, mtoto anasoma silabi, neno, aya au hadithi? Wa darasa la tatu anaweza kukaa na mdogo wake wa darasa la kwanza, ila asichekwe.

Kata boksi, andika kwa makapeni maneno matatu au manne, herufi ndogo na kubwa za kuonekana. Usiweke "was" na "saw" siku moja, yatachanganyana. Kila mtoto awe na kadi zake, kwa sababu kadi moja ikiinuliwa mbele ya wote, mwepesi atajibu na wengine watamfuata. Huyo mwepesi mpe kazi ya kuchanganya kadi. Wasome kwa zamu, kila mmoja aandike neno kwenye daftari huku akilitamka, kisha walione ndani ya sentensi fupi: "The goat was here." Neno lililojulikana kwenye kadi pekee bado halijajulikana. Dakika kumi na tano zinatosha; wakianza kupiga miayo, funga.

Kabla ya kuchukua fimbo

Mtoto anayekosea kila siku huenda haoni vizuri. Ukimwona anasogeza kitabu karibu na pua, anakunja macho, au ananakili vizuri kutoka kitabuni lakini anakosea akinakili ubaoni, mpeleke akapimwe macho. Masikio nayo ni hivyohivyo. Anayetoka usaha mara kwa mara, au asiyeitika mpaka uinue sauti, hawezi kutofautisha sauti za maneno anayofundishwa. Hayo mawili yanapimika hospitalini, na ni bora yaanze kuliko viboko.

Kuchanganya b na d kwa mtoto wa miaka mitano au sita ni kawaida, usihangaike. Lakini kama miezi imepita, macho na masikio ni mazima, mnakaa naye karibu kila siku na bado kuunganisha sauti mbili ni mlima hata kwa Kiswahili, zungumza na mwalimu na daktari. Wako watoto wenye akili nzuri kabisa ambao kusoma kwao ni kugumu kwa sababu ya disleksia. Hao huhitaji kufundishwa taratibu zaidi, na kuwaita wavivu hakujawahi kumfundisha yeyote "said".

Ijumaa changanya kadi zote za wiki na umpe kila mtoto makopo mawili. Anayoisoma papo hapo inaingia kopo la kwanza. Anayosita inaingia la pili, na hizo ndizo za kuanzia Jumatatu.